Gramu 500: jinsi mtu wa kawaida anavyogeuka punda wa unga, na anavyoangukia Hong Kong

Hong Kong jaji hamhukumu mbeba unga kwa kumtazama usoni. Anaangalia mizani. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya mwaka 1990, heroini ina ngazi zake: hadi gramu 10, miaka 2 hadi 5, gramu 10 hadi 50, miaka 5 hadi 8, gramu 50 hadi 200, miaka 8 hadi 12, gramu 200 hadi 400, miaka 12 hadi 15, gramu 400 hadi 600, miaka 15 hadi 20. Ukizidi 600 unaanzia 20 na kupanda. Uzito unaohesabiwa si ule wa pipi, yaani vifurushi vya unga vinavyomezwa, zilivyotoka tumboni na karatasi zake. Mkemia wa serikali anapima na kueleza mahakama kuwa humu ndani heroini yenyewe ni gramu kadhaa.

Naanza na ngazi hizi kwa sababu ndizo ambazo kijana wa Kinondoni, Tanga au Unguja hatajiwi siku anapofuatwa. Atatajiwa tiketi, hoteli, dola na majina ya waliotoboa. Mizani hatatajiwa. Kupanda na kuanguka kwa mtu wa kawaida aliyegeuka msafirishaji kunategemea hilo hasa: bosi anajua hesabu yote, punda anajua kipande chake tu, tena kile kitamu.

Tuanze na ukubwa wa biashara, ili ionekane punda yuko wapi ndani yake. Heroini inayopita kwetu inatoka Afghanistan, inashuka hadi pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, inapakiwa kwenye majahazi na kuvuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja nje ya pwani ya Mombasa. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 Dar es Salaam na Iringa, heroini na methamfetamini, na methamfetamini ilikuwa zaidi ya mara mbili ya heroini. Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni Aprili 2022, mashamba yakapungua sana mwaka uliofuata, lakini biashara haikukaa kusubiri. Ilihamia kwenye mzigo mwingine.

Sasa chukua jahazi lile moja la kilo 1,032 ugawe kwa nusu kilo nusu kilo, ambacho ni kiasi cha kawaida cha mtu mmoja kumeza. Unapata matumbo zaidi ya 2,000. Huo ndio ukubwa wa punda katika biashara hii. Akikamatwa mmoja, bosi amepoteza tiketi na nusu kilo aliyoinunua kwa bei ya jumla. Ndiyo maana hana sababu ya kumweka wakili, wala kumpelekea mama yake hela ya unga wa ugali.

Wanaofuatwa si majambazi. Ni dereva wa bodaboda aliyenyang'anywa pikipiki ya mkopo. Ni mchezaji ambaye timu imemwacha akiwa na miaka 27. Ni msusi mwenye mtoto anayehitaji kufanyiwa upasuaji. Ni mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa anakwenda Guangzhou kufuata mzigo halali, mtaji ukakata. Huyu wa mwisho anatafutwa sana, kwa sababu safari zake hazimshangazi mtu mtaani.

Kufuatwa kwenyewe huanza kwa hisani. Mtu anayefahamika, mara nyingi rafiki wa maskani au shemeji wa mbali, analipa kodi ya miezi mitatu. Anatoa hela ya matibabu. Anasema usijali, tutaongea. Wiki zinapita, deni halidaiwi. Halafu inakuja pasipoti, nayo analipa yeye. Baadaye viza, tiketi, nguo za safari, hela ya kuonyesha uhamiaji. Kila shilingi inaandikwa mahali. Siku neno lenyewe linapotamkwa, mtu ana deni asiloweza kulilipa kwa kazi yoyote anayoijua, na anayemdai anajua kwao, anamjua mama yake, anajua watoto wanasoma wapi. Kwa wanawake njia hutofautiana kidogo: anakuja mchumba. Mchumba ana biashara nje, anahitaji mtu wa kumsaidia kupeleka sanduku au kurudi na sanduku. Machi 2025 mahakama ya Ho Chi Minh ilimhukumu kifo Mkenya mmoja, binti, aliyekutwa na zaidi ya kilo 2 za kokeini ndani ya sanduku. Alieleza mahakamani kwamba alilipwa dola 1,300 na tiketi. Dola 1,300, watu wangu. Ukiuza ng'ombe wachache unaipata.

Kuna na wale wasiobeba kitu kabisa, ila wao ndio mzigo. Mtaani wanaita kuwekwa bondi. Mfanyabiashara wa Dar au Zanzibar anapotaka unga kwa mkopo Pakistan, anaacha mtu kama dhamana mpaka alipe. Anayekwenda huambiwa anakwenda kutembea, au anakwenda kukaa hotelini wiki mbili na kurudi na kamisheni. Mzigo ukikamatwa njiani, au bosi akiamua tu kutolipa, aliyeachwa ndiye anayelipa, kwa kufungiwa, kwa kipigo, kwa simu za usiku kwa ndugu zake. Kati ya nafasi zote katika biashara hii, hii naiona ndiyo ya kikatili kuliko zote. Mwili wa mtu umewekwa rehani na aliyeuweka yuko nyumbani anakula futari.

Kupanda kupo, na lazima kusemwe, maana anayewaambia vijana kwamba kila anayebeba hukamatwa safari ya kwanza hasikilizwi. Wanawaona waliorudi. Safari ya kwanza ikipita, mtu anarudi na hela ambayo hajawahi kuishika mara moja: anamalizia nyumba ya mama, ananunua Bajaji mbili, anafungua fremu ya simu. Mtaa unaona. Kile mtaa usichoona ni makato. Kwenye malipo aliyoahidiwa hukatwa tiketi, viza, kodi ile ya miezi mitatu, na hela ya aliyemuunganisha. Mara nyingi sehemu ya malipo hutolewa kwa mzigo badala ya fedha taslimu: chukua gramu hizi, uza mwenyewe. Hapo mtu aliyekuwa mbebaji tu anageuka muuzaji wa mtaani kwake, na baadhi yao wanaanza kuonja. Unga wa kulipana namna hii ni sehemu ya sababu nchi za mapito ziligeuka nchi za watumiaji. Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilipofunguliwa Muhimbili Februari 2011, mateja waliokuwa wakiisubiri hawakuwa wamevuta unga wa kuagizwa kwa ajili yao. Walivuta mabaki ya njia.

Hela ya safari ya kwanza haikai. Haikai kwa sababu haina maelezo. Huwezi kuipeleka benki bila kuulizwa, kwa hiyo inakaa ndani, na hela inayokaa ndani inaombwa. Ndugu wanaomba, polisi wa mtaa anajipitisha, marafiki wanazaliwa upya. Bajaji zinapewa vijana ambao hawaleti hesabu. Miezi minane au kumi, fremu imefungwa. Safari ya pili, hata hivyo, haikubaliwi kwa ajili ya shida kama ile ya kwanza. Inakubaliwa kwa ajili ya kulinda jina. Na hapa ndipo wengine wanapandishwa cheo: badala ya kulipwa ujira, wanaambiwa waweke hisa, yaani wachangie mtaji wa mzigo na wagawane faida. Wengine wanapewa kazi ya kutafuta wabebaji wapya, na wa kwanza kuwafuata ni watu wao wenyewe, mdogo wa kiume, binamu, rafiki wa shule. Yule aliyeingizwa kwa hisani sasa anagawa hisani. Mtaani anaitwa tajiri. Ukweli ni kwamba amekuwa daraja ambalo bosi analikanyaga, kwa sababu sasa majina yote ya wabebaji yanaishia kwake na hayafiki juu.

Twende kwenye tumbo, maana hapa uongo ni mwingi.

Kwa kawaida pipi moja ya heroini ina gramu 8 hadi 12, na mtu humeza 50, 70, wengine hadi 100. Wanaambiwa ni salama, kwamba teknolojia imekua, hazipasuki. Madaktari wa dharura duniani kote wana jina la hali hii na wana mwongozo wake, na mwongozo hauandikwi kwa jambo lisilotokea. Mambo matatu ndiyo yanayoharibika. La kwanza ni kuvuja au kupasuka. Pipi moja ya heroini ina dozi nyingi kupita kiasi cha kuua mtu asiyeizoea: mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, usingizi unakuwa mzito, pumzi zinapungua hadi kukoma. Heroini ina dawa ya kuipinga, naloksoni, ila pipi iliyo wazi tumboni huendelea kumwaga, kwa hiyo sindano moja haitoshi. Mgonjwa huwekewa dripu ya naloksoni na kuangaliwa saa kwa saa. Kokeini ni mbaya zaidi kwa sababu haina dawa yake maalumu. Moyo unakimbia, joto linapanda, degedege linaanza, na mara nyingi njia iliyobaki ni kupasuliwa haraka, kama muda upo.

La pili ni kuziba. Tumbo la chakula lina mlango mwembamba wa kutokea, na utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana kuna mlango mwingine. Pipi zikijikusanya kwenye milango hiyo hazipiti. Tumbo linavimba, mtu anatapika, haja haitoki, na utumbo ukikosa damu unaoza ukiwa ndani. La tatu ni muda. Ndege ikichelewa, mtu akakwama uwanja wa kubadilishia, hesabu yote ya safari inaharibika, lakini tumbo halijui ratiba ya ndege. Ndani ya saa hizo mtu hali na hanywi, akiogopa, na woga huo huo ndio unaomwonyesha.

Akifa hotelini, anayempokea hapigi simu ya gari la wagonjwa.

Sasa uwanja wa ndege wa Hong Kong. Ofisa wa forodha anapomshuku abiria, humpeleka kwenye picha za mionzi, na pipi kwenye picha ya CT zinaonekana kama mayai yaliyopangwa. Kuanzia hapo mtu ni mtuhumiwa na ni mgonjwa kwa pamoja. Anapelekwa wodi ya hospitali iliyo chini ya ulinzi. Hapo atakaa siku kadhaa, analala kitandani huku askari amekaa kando, na kila anapokwenda haja kinachotoka kinaoshwa mbele ya mashahidi, kinahesabiwa, kinapigwa picha, kinaandikwa saa na dakika. Pipi ya 1, pipi ya 2, hadi ya mwisho. Picha zinarudiwa kuhakikisha hakuna iliyobaki. Orodha hiyo ndiyo kurasa za mwanzo za jalada lake la kesi, na ndiyo sababu kesi za waliomeza ni ngumu kupinga: hakuna wa kusema aliwekewa na mtu mwingine bila yeye kujua.

Kisha anasomewa shtaka mahakama ya chini, anakataliwa dhamana, maana ni mgeni asiye na anwani, na kesi inapanda Mahakama Kuu ambako kiwango cha juu ni kifungo cha maisha na faini ya dola milioni 5 za Hong Kong. Wanaume husubiri mahabusu ya Lai Chi Kok. Kusubiri huko kunaweza kuzidi mwaka. Wakili anapata, kupitia msaada wa kisheria wa serikali ya huko, na mkalimani wa Kiswahili anapata. Nalisema hili kwa sababu ya familia: anayekupigia simu Dar akitaka milioni kadhaa za wakili ili ndugu yako atolewe kwa dhamana anakuibia. Dhamana hiyo haipo.

Tufanye hesabu ya gramu 500 za heroini safi. Ngazi ni miaka 15 hadi 20, katikati yake ni miaka 17 na nusu. Jaji anaweza kuongeza kwa sababu dawa imevushwa mpaka wa nchi, lakini tuiache nyongeza hiyo. Ukikiri kosa mapema kabisa, unapunguziwa theluthi moja: inabaki miaka 11 na miezi 8. Tangu hukumu ya mwaka 2016, ukichelewa kukiri hadi tarehe ya kesi ipangwe, punguzo linashuka hadi robo. Ukikiri siku ya kwanza ya kusikilizwa, ni asilimia 20. Ukipambana na kushindwa, unabaki na 17 na nusu zako. Gerezani, mwenye nidhamu anaweza kusamehewa hadi theluthi moja ya kifungo. Kwa hiyo aliyekiri mapema atakaa karibu miaka 8, aliyepambana atakaa karibu 12. Muda wa mahabusu unahesabiwa. Aliyeondoka na miaka 27 anarudi na 35 au 39, na mtoto aliyemwacha chekechea anamkuta anamaliza shule.

Hoja ambazo nyumbani tungedhani zitagusa moyo wa jaji, huko hazina uzito: ni kosa la kwanza, ana watoto wadogo, mama mgonjwa, umaskini. Mahakama za Hong Kong zimesema mara nyingi kwamba hali binafsi ya mbebaji hupewa nafasi ndogo sana katika makosa haya, kwa sababu mabosi huchagua makusudi watu wenye hali hizo. Ukilifikiria, ni kweli wanawachagua hivyo. Na bado anayelipa ni aliyechaguliwa.

Punguzo kubwa, linaloweza kufika nusu ya kifungo, hupewa anayesaidia kwa dhati kukamata wengine. Hapa ndipo ule ujinga aliopangiwa punda unapomgharimu. Ataje nani? Anamjua mtu anaitwa Bro. Anajua namba ya simu iliyozimwa usiku ule ule. Aliyemlaza kwenye nyumba ya Dar siku tatu kabla ya safari hakujitambulisha. Na yule mmoja anayemjua kwa jina kamili ni binamu yake, na binamu anajua nyumba ya mama.

Padri mmoja Mkatoliki kutoka Australia, John Wotherspoon, aliyefanya uchungaji magerezani Hong Kong kwa miaka mingi, aliona Watanzania wanavyoongezeka mahabusu, na mwaka 2013 akaanza kuwashauri waandike barua kwenda nyumbani. Barua zile akaziweka hadharani kwenye mtandao, nyingine kwa Kiswahili, zikasomwa, zikaandikwa kwenye magazeti, na yeye mwenyewe akasafiri Afrika kuonya watu. Ninaziheshimu barua zile kuliko mabango yote ya kupinga dawa za kulevya niliyowahi kuona. Hazikuhubiri. Zilisema njoo uone chumba, uone chakula, uone miaka. Baadhi ya wafungwa walitumaini kazi ile itawapunguzia adhabu, na wapo waliowahi kupata nafuu kidogo kwa majaji. Lakini mwaka 2018, katika rufaa ya Mtanzania, Mahakama ya Rufaa ilifunga mlango huo: kuandika barua za kampeni si kusaidia vyombo vya dola, hakuna punguzo. Walioendelea kuandika baada ya hapo waliandika wakijua hawapati kitu.

Na hiyo ni Hong Kong, ambako hakuna hukumu ya kifo. Vuka mpaka uingie China bara, kifungu cha 347 cha sheria ya jinai kinaweka gramu 50 za heroini kuwa mwanzo wa miaka 15, maisha au kifo. Gramu 500 ni mara kumi. Singapore, heroini safi inayozidi gramu 15 inakuingiza kwenye hukumu ya kifo. Hapa kwetu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaweza kumpeleka msafirishaji wa heroini kwenye kifungo cha maisha, kwa hiyo anayekamatwa Uwanja wa Julius Nyerere kabla ya kupanda ndege asidhani amepona.

Mabosi nao huanguka, ila kwa njia tofauti na kwa muda mrefu zaidi. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Novemba 2014 baada ya kukabidhi kilo 99 za heroini kwa watu waliodhani ni wanunuzi, kumbe wanafanya kazi na Marekani. Kesi ilivutwa mahakama za Kenya zaidi ya miaka miwili, hadi walipopelekwa New York Januari 2017. Baktash alipata miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim 23 mwaka 2020. Mwaka huo huo wa 2017, Mtanzania Ali Khatib Haji Hassan, anayejulikana kama Shkuba, alisafirishwa kwenda Marekani baada ya miaka mitatu ya mahabusu nyumbani. Ili kuwafikia watu hawa ilihitajika serikali yenye nguvu, wapelelezi wa kujipenyeza na miaka. Kumfikia punda inahitajika mashine moja ya picha. Tofauti hiyo bosi anaijua tangu siku anayolipa kodi ya nyumba ya mtu.

Kwa ndugu walioko nyumbani, mambo machache ya kufanya.

Mtu akisafiri ghafla, pasipoti mpya, tiketi hajanunua yeye, simu imezimwa siku mbili kabla ya safari, muulizeni nani kalipa. Swali hilo moja linatosha kuanzisha mazungumzo. Kama bado hajaondoka na anatishwa kwa deni, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119. Anayejitoa kabla hajabeba kitu hana gramu za kupimwa.

Akishaondoka na asisikike, usianze kwa kuzunguka kwa waganga au kwa bosi. Bosi atakwambia subiri, huku anahamisha vitu vyake. Nenda Wizara ya Mambo ya Nje ukiwa na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti kama ipo, tarehe na ndege. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mfungwa haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe, lakini wengi wanakataa kwa aibu, kwa hiyo kimya si lazima kiwe kifo. Kwa China, ubalozi wetu uko Beijing. Ukimpata, mwandikie. Barua zinasomwa na maofisa, usiandike habari za kesi. Andika habari za nyumbani.

Na kama ndugu yako bado yuko nyumbani, amekwisha kumeza, hali yake imebadilika au ameingiwa na hofu, mpeleke hospitali kubwa sasa hivi. Usimpe mafuta ya mnyonyo wala dawa yoyote ya kuharisha ya mafuta, kwa sababu mafuta yanaweza kulainisha vifungio vya mpira. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa. Akisinzia, mlaze ubavu, hakikisha anapumua, na usimwache peke yake. Polisi watakuja, ndiyo, na hiyo ni bora kuliko mazishi. Daktari anahitaji vitu vitatu kutoka kwako kabla ya maelezo mengine yoyote: alimeza nini, pipi ngapi, na saa ngapi.